Meneja wa Servisi Kitale: Historia ya Kazi Iliyozaliwa Mwisho wa Reli

Meneja wa servisi ndiye anayesimamia upande wa matengenezo katika kampuni inayouza magari. Mwuzaji huonana na mteja siku ya kukabidhiana ufunguo. Meneja wa servisi huonana naye kila baada ya kilomita elfu tano, mpaka gari litakapouzwa tena au litakapochakaa. Yeye hupokea malalamiko ya mwenye gari na kuyageuza kuwa kazi ya kupewa fundi. Huagiza spea, hukadiria saa na gharama, huhakikisha gari limejaribiwa barabarani kabla ya kutoka getini, kisha huwajibika kwa kiwanda kuhusu kila kilichovunjika ndani ya muda wa waranti. Anasimama kati ya watu watatu ambao kwa kawaida hawaonani: mwenye gari, fundi aliye chini ya gari, na kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari.

Kitale ni mahali pazuri pa kuifuatilia kazi hii tangu mizizi yake. Mji huu umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, katikati ya mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Upande wa kusini-magharibi iko Bungoma, nchi ya miwa na barabara kuu ya kwenda Malaba. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kitale ni zaidi ya kilomita 800. Gari lililoharibika hapa liko mbali na bandari, mbali na ghala kuu la spea na mbali na mhandisi wa kampuni. Umbali huo ndio uliofanya pawe na haja ya mtu mmoja mwenye kuaminika wa kusema gari lina ugonjwa gani, litapona lini na kwa shilingi ngapi.

Kabla ya gereji: magari ya ng'ombe na magari ya mbao

Kitale inakumbukwa kuwa kituo cha misafara ya zamani iliyopita kati ya Uganda na pwani, na mji wa kikoloni ulianza mwaka 1908. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa mashamba ya Trans Nzoia kwa askari wastaafu wa Kiingereza chini ya mpango wa makazi ya wanajeshi wa mwaka 1919. Karibu na Eldoret walikuwa wamekwisha kufika Makaburu kutoka Afrika Kusini, ambao waliingia Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao makubwa ya kukokotwa na ng'ombe. Kwa miaka mingi mahindi na ngano vilisafirishwa kwa magari hayo. Fundi aliyehitajika alikuwa mhunzi wa kutengeneza magurudumu na seremala wa kuunda nira.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi linaloanzia Leseru likafika Kitale mwaka 1926. Reli kuu iliendelea kupitia Webuye, iliyoitwa wakati huo Broderick Falls, ikapita Bungoma kuelekea Uganda na kufika Kampala mwaka 1931. Kitale ikawa mwisho wa reli, na mwisho wa reli hupata kazi ambazo vituo vya katikati havipati: ndipo bidhaa zinaposhushwa na ndipo safari ya barabara inapoanza. Kila kilichokwenda Kapenguria, Turkana au mashamba ya mlimani kilitoka stesheni ya Kitale kwa gurudumu la namna nyingine.

Magari ya kwanza ya wakulima wa nyanda za juu mara nyingi yalikuwa yale yaliyojulikana kwa jina la box-body. Mnunuzi aliagiza chasisi yenye injini tu, kwa kawaida ya Ford au Chevrolet, na mafundi wa huku wakaijengea mwili wa mbao wenye nafasi ya magunia nyuma. Wengi wa mafundi hao walikuwa Masingasinga, watu wa jadi ya useremala na uhunzi, ambao wazee wao walifika Afrika Mashariki kujenga Reli ya Uganda. Walipomaliza kazi ya reli walisambaa katika miji ya njiani, wakafungua karakana. Kwao ujuzi wa mbao, chuma na injini ulikuwa chini ya paa moja.

Katika karakana ya namna hiyo hapakuwa na meneja wa servisi kama cheo. Mwenye gereji alipokea gari, akalikagua, akalitengeneza, akaandika deni daftarini. Daftari hilo lilikuwa na uzito wake. Mkulima wa mahindi hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, ilhali gari humharibikia wakati wowote. Mwenye gereji alilazimika kujua nani alipe sasa, nani asubiriwe mpaka magunia yatoke shambani. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliposhusha bei ya mahindi, na nzige walipokuwa wamekwisha kula sehemu ya mazao, wengi walishindwa kulipa, na gari moja likalazimika kudumu miaka ambayo halikukusudiwa kudumu. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mwenye gereji anauza zaidi ya kazi ya spana. Anauza makadirio ya kweli: kama gari linastahili kutengenezwa, na kama mwenye gari ataweza kulipa.

Wakati huohuo, huko Marekani, viwanda vya magari vilikuwa vinajenga utaratibu ambao baadaye ungefika Kitale. Katika miaka ya 1920 Ford iliwapa mawakala wake vitabu vilivyoonyesha muda na bei ya kila kazi ya kawaida, ili mteja wa mji mmoja asitozwe tofauti na wa mji mwingine. Kila spea ilipewa namba yake. Saa ya fundi ikawa kitu kinachopimwa, kinachoandikwa na kinachouzwa. Kutokana na utaratibu huo kikazuka cheo cha mtu ambaye kazi yake si kushika spana, ila kusimamia saa, spea na ahadi.

Vita, trekta na matawi ya kampuni

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza mahitaji ya mahindi na ngano ya nyanda za juu, na viliacha urithi mwingine usiohesabiwa kwa magunia. Maelfu ya Waafrika waliotumikia jeshi walifundishwa udereva na ufundi wa magari. Waliporudi nyumbani baada ya mwaka 1945, nchi ya Wabukusu na Wasabaoti, pamoja na sehemu nyingine za magharibi, ilipata watu waliokwisha kufungua injini za malori jangwani na misituni. Kabla ya hapo mafunzo rasmi ya ufundi kwa Waafrika yalipatikana hasa Kabete, ambako serikali ilifungua kituo cha mafunzo ya kazi katikati ya miaka ya 1920, na katika baadhi ya shule za misheni.

Baada ya vita mashine zilifika kwa wingi. Trekta ndogo ya Ferguson, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1946, ilikuwa na mikono ya haidroliki ya kuinua jembe, na ilihitaji fundi mwenye elimu tofauti na ile ya gari la mbao. Land Rover ilitoka mwaka 1948 na mara ikawa gari la mashambani, la polisi na la maofisa wa wilaya. Kampuni za Nairobi zilikua pamoja nazo. Gailey & Roberts, iliyoanzishwa mwaka 1904 na wahandisi wawili waliokuwa wametumikia reli, iliuza mashine za kilimo na matrekta. Cooper Motor Corporation, iliyojulikana baadaye kwa herufi zake CMC, ilianza mwaka 1948. D.T. Dobie ilifuata mwaka 1949. Wauzaji wa magari na matrekta walitafuta wateja wao katika miji ya wakulima, na pamoja na matawi na mawakala ukafika utaratibu wa kiwanda: kadi ya kazi, kitabu cha saa, orodha ya namba za spea na fomu ya waranti.

Cheo cha meneja wa servisi kilipofika kilikuwa na rangi. Meneja alikuwa Mzungu, aliyetokea Uingereza au Afrika Kusini. Foremani na mafundi wakuu walikuwa Wahindi, wengi wao Masingasinga. Mwafrika alikuwa mwosha magari, mtia grisi au spanaboi, yaani kijana wa kumpa fundi vifaa. Mishahara ilifuata mpangilio huohuo wa tabaka tatu uliotawala ajira yote ya koloni. Wengi wa vijana hao walijifunza kwa macho. Spanaboi mwerevu alijua spana ipi itaombwa kabla fundi hajanyoosha mkono, na kwa miaka kumi ya kutazama akawa anajua mengi kuliko kadi ya kazi ilivyomruhusu kuandika.

Umuhimu wa Kitale kama mahali pa mwisho pa huduma ulionekana wazi wakati wa kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952 na kumalizika Aprili 1953. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa katika kijiji kisicho na hoteli wala simu ya kutegemewa. Mawakili wao, wakiongozwa na D.N. Pritt, walilala Kitale, wakasafiri kwa gari karibu kilomita 40 kwenda mahakamani na kurudi kila siku. Penye hoteli, simu na stesheni ndipo palipokuwa na petroli na mafundi pia.

Mwaka huo wa 1953 ndipo yalipoanza mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana kama Safari Rally. Kwa idara za servisi mashindano hayo yalikuwa mtihani wa hadharani. Gari lililoshinda kwenye tope na mawe ya Afrika Mashariki liliuzika kwa wakulima wanaopita barabara hizohizo, na timu iliyobadilisha springi kando ya njia kwa dakika chache ilionyesha kampuni ina mafundi wa namna gani. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 akiendesha Volvo pamoja na ndugu yake Jaswant, alikuwa mtoto wa mwenye gereji wa Kericho na fundi kwa mikono yake mwenyewe. Ushindi wake, pamoja na mwingine wa mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, uliipa heshima kazi ya gereji katika miji yote ya magharibi.

Mwinuko wa Kitale nao ulikuwa na somo lake. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Gari lililorekebishwa Mombasa lilifika Trans Nzoia likinywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Kabureta ilihitaji kupimwa upya. Meneja aliyeijua nchi yake alimweleza mteja jambo hilo kabla hajadai kwamba ameuziwa gari bovu.

Uhuru na mteja mpya

Baada ya mwaka 1963 mteja alibadilika kuliko gari. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na serikali, na watu binafsi, na vyama vya ushirika na kampuni za ununuzi wa ardhi zilizokusanya michango ya wanachama wengi. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, lilishika mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilieneza mahindi chotara, na aina ya H611 ya mwaka 1964 iliwafikia wakulima wadogo kwa wakubwa. Mahindi yaliyozidi yalitaka trekta nyingi zaidi za kulima na malori mengi zaidi ya kubeba.

Mlowezi alikuja gereji peke yake na kutia sahihi mwenyewe. Trekta ya ushirika ilikuja na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na dereva, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake kuhusu jinsi ilivyoharibika. Meneja wa servisi alijikuta na kazi mpya: kujua nani ana mamlaka ya kuidhinisha matengenezo. Akitengeneza kwa neno la dereva, kamati huenda ikakataa kulipa. Akisubiri kamati ikutane, msimu wa kulima utapita. Kadi ya kazi ikaanza kutumika kama hati ya makubaliano kati ya watu wengi, na sahihi iliyo chini yake ikawa na uzito kuliko maelezo yaliyo juu.

Lugha nayo ilibadilika. Mapokezi ya gereji ya kikoloni yaliendeshwa kwa Kiingereza kwa bwana shamba, na kwa Kiswahili cha amri kwa dereva. Sasa wenye magari walikuwa Wabukusu na Waluhya wengine wa kila upande, Wakalenjin, Wakikuyu, Waluo na Waturkana, na lugha iliyowakutanisha mbele ya meza ya mapokezi ilikuwa Kiswahili. Maneno ya kazi yalijipanga kwa matamshi ya Kiswahili: klachi, giaboksi, plagi, difu, bushi, nozeli, silinda, gasketi. Meneja alihitaji kusikia “gari linavuta upande” au “inakohoa asubuhi” na kuelewa kinachotakiwa kukaguliwa. Waliofanikiwa walijifunza kuandika malalamiko kama mteja alivyoyasema, bila kuyafasiri mapema, kwa sababu fundi akiandikiwa jibu badala ya swali hutengeneza kile ambacho hakijaharibika.

Vyeo vilianza kupita mikononi mwa Waafrika, kwa shinikizo la sheria na la wakati. Mwaka 1967 sheria ya uhamiaji iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka huohuo iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo mengi nje ya katikati ya miji mikubwa. Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza walihama, hasa kuanzia mwaka 1968. Baadhi ya gereji za zamani zilifungwa, nyingine ziliuzwa, nyingine ziliendelea na wenyewe waliochukua uraia. Foremani Mwafrika aliyekuwa akifanya kazi ya meneja bila jina lake akapewa jina. Mtihani wa ufundi wa serikali, wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza, ukawa njia ya spanaboi wa jana kuthibitisha kwa karatasi alichokijua kwa mikono.

Miaka ya 1970 ilileta magari ya kila aina. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na Peugeot 404, kisha 504, zikawa gari la abiria kati ya Kitale, Webuye, Bungoma na Eldoret. Peugeot ilikuwa imejipatia sifa kwenye Safari kwa kushinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari la matatu halikai gereji siku tatu, kwani siku isiyotembea ni siku isiyoleta fedha. Meneja alijifunza kupanga kazi za usiku na za Jumapili.

Upande wa Bungoma fedha ziliingia kwa njia nyingine. Baridi kali ya Brazili ya mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda, nchi iliyokuwa chini ya Idi Amin, ikavushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube karibu na mpaka. Fedha za Chepkube zilijenga nyumba na kununua malori na pikapu. Mwaka 1978 kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa, na kiwanda cha karatasi cha Webuye kilikuwa kimeanza kazi katika muongo huohuo. Trekta za kuvuta matela ya miwa zilipita kwenye barabara za udongo mchana na usiku, zikivunja ekseli na kula matairi. Kwa mashine hizo servisi ilipimwa kwa saa za injini, maana trekta inaweza kunguruma siku nzima ikiwa imesogea kilomita chache.

Uhaba wa spea na kizazi cha jua kali

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari nchini: Thika, Mombasa na Nairobi. General Motors Kenya, ambayo serikali ilikuwa na asilimia 51 ya hisa zake, ilianza kuunganisha magari mwaka 1977. Lakini kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na 1979 kulimaliza akiba ya fedha za kigeni, na spea zikaingia chini ya leseni za uagizaji. Meneja wa servisi wa tawi la mashambani aliweza kungoja pampu ya dizeli kwa majuma mengi.

Uhaba ulifundisha ufundi wa namna yake. Shafti iliyolika ilijazwa kwa kulehemu na kuchongwa upya kwenye leti. Bushi zilitengenezwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Gari bovu likanunuliwa ili livunjwe na viungo vyake viuzwe. Kazi hii ilifanyika zaidi nje ya kampuni, kwenye viwanja vya wazi vya mafundi wa jua kali, ambao serikali ilianza kuwatambua rasmi katika miaka ya 1980. Wengi wa mafundi hao walikuwa wametoka katika gereji za kampuni. Waliondoka na ujuzi, na baadhi yao waliondoka na utaratibu pia: wakaandika kadi ya kazi kwenye daftari la shule, wakampa mteja makadirio kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Taasisi ya Ufundi ya Kitale, ambayo leo ni Kitale National Polytechnic, pamoja na taasisi ya Sang'alo iliyo Bungoma, ziliongeza vijana waliosoma uhandisi wa magari darasani kabla ya kuushika kwa mikono.

Wakati huohuo barabara ya kaskazini ilimpa meneja wa Kitale mteja asiyefanana na wengine. Katika miaka ya 1980 barabara ya Kitale hadi Lodwar na kuendelea kaskazini ilitiwa lami kwa msaada wa Norwei. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianza Operation Lifeline Sudan, mpango wa msaada ulioendeshwa kutoka Lokichogio, na mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa. Toyota Land Cruiser na malori ya chakula yalipita Kitale kwa misururu. Mashirika hayo hayakusubiri gari liharibike. Yalikuwa na daftari kwa kila gari, ratiba ya mafuta na vichujio, na sharti kwamba gari lisilofuata ratiba haliendi kaskazini. Kupitia wateja hawa wazo la matengenezo ya kinga, yaani kutengeneza kabla ya kuharibika, lilipata nguvu ambayo vitabu vya kiwanda peke yake havikuwa vimelipa.

Magari ya mitumba na gereji bila duka

Mwaka 1993 Kenya ililegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji. Magari yaliyotumika Japani yalianza kuingia kwa wingi, na baadaye kanuni ikawekwa kwamba gari lisizidi miaka 8 tangu kuundwa. Kwa kampuni za magari mapya hili lilikuwa pigo. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa Kitale aliyepata Corolla ya mitumba hakuwa na waranti, hakuwa na wakala, wala hakuwa na sababu ya kulipa bei ya saa ya kampuni. Upande wa magari madogo ulihamia karibu wote kwa gereji huru.

Kampuni zilibaki na wateja wanaohitaji karatasi: malori mapya, pikapu za mashirika, mabasi ya shule, matrekta na magari ya serikali yenye namba za GK. Meneja wa servisi wa kampuni akawa mtaalamu wa mikataba, hati za ununuzi za serikali na madai ya waranti. Katika gereji huru, yule aliyewahi kuitwa foremani alibeba upande mwingine wa kazi: kumtuliza mteja, kumtafutia spea na kumwambia ukweli. Kazi moja ikagawanyika pande mbili za barabara, na Kitale zinaonekana zote.

Sheria nazo ziliongeza majukumu. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizobaki na jina la waziri John Michuki, zilitaka vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, na gereji zikawa mahali pa kutimiza sheria. Pikipiki zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda zilijaa Bungoma na Trans Nzoia na kuzaa tabaka zima la mafundi wao. Januari 2015 Kenya na majirani zake walihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyoruhusu injini za kisasa zenye nozeli na vichujio laini kufanya kazi huku bila kuzibika upesi kama zamani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ndani ya gari. Kabureta iliyokuwa ikipimwa kwa sikio ilipisha kompyuta inayojirekebisha yenyewe kulingana na hewa ya mwinuko. Fundi alihitaji mashine ya kusoma hitilafu, na mashine hiyo hutaja mahali tatizo linapoonekana, si lazima mahali lilipoanzia. Msimbo unaosema kihisi cha oksijeni kina kasoro huenda unatokana na bomba la hewa lililopasuka. Spea za magari ya Kijapani zikaagizwa kwa namba ya chasisi, kwa kuwa modeli moja ya mwaka mmoja huweza kuwa na breki za aina mbili. Meneja asiyeandika namba hiyo wakati wa kupokea gari hupoteza siku nzima kwa spea isiyoingia.

Kazi ilivyo sasa

Siku ya meneja wa servisi huanza kwenye mapokezi. Gari huzungukwa pamoja na mwenyewe: mikwaruzo, kilomita, kiasi cha mafuta, tairi la akiba, jeki na redio huandikwa, ili jioni kusiwe na ubishi. Kadi ya kazi hupewa namba, fundi anayefaa huchaguliwa, saa hukadiriwa. Kikigunduliwa kitu kingine wakati wa kufungua, mteja hupigiwa simu kabla kazi haijaendelea. Gari lililotengenezwa bila idhini ndilo huzaa ugomvi mwingi kuliko gari lililotengenezwa vibaya. Kazi ikiisha, mtu asiyeifanya hulijaribu gari barabarani. Spea za zamani huonyeshwa mteja. Ankara hulipwa, kibali cha kutoka getini hutolewa.

Nyuma ya hayo kuna hesabu. Kampuni hupima ni saa ngapi za fundi zilizouzwa kati ya zile alizolipwa, magari mangapi yalirudi kwa tatizo lilelile, na ni sehemu gani ya gharama zote za tawi inayolipwa na faida ya servisi na spea. Kipimo hiki cha mwisho ndicho huamua kama tawi la mji wa wastani litaishi mwaka ambao magari mapya hayauziki.

Kalenda ya Kitale hutawala yote. Kuanzia Januari trekta huja kwa ajili ya majembe na haidroliki, ili ziwe tayari kulima kabla ya mvua za Machi na Aprili. Msimu wa mvua huleta klachi zilizoungua kwenye tope, breki na suspensheni. Oktoba hadi Desemba ni malori ya mahindi. Bungoma, ambako miwa huvunwa karibu mwaka mzima, matela hayana likizo. Meneja anayeagiza vichujio na diski za klachi baada ya msimu kuanza amekwisha kuchelewa, kwa sababu umbali wa kilomita 800 haujafupika.

Mwaka 2013 mambo mawili yaliongeza uzito wa kazi hii katika kaunti. Serikali za kaunti zilianza kazi, zikawa na magari ya wagonjwa, matingatinga na matrekta yao wenyewe. Mwaka huohuo serikali kuu ilianza kukodisha magari ya polisi badala ya kuyanunua, kwa mikataba ambayo kampuni inayokodisha ndiyo hubeba matengenezo. Kwa mkataba wa namna hiyo gari lililosimama ni hasara ya kampuni yenyewe. Kinachonunuliwa ni gari linalotembea siku baada ya siku, na mtu anayewajibika kwa hilo, iwe gari liko Kitale, Bungoma, Kapenguria au Lodwar, ni meneja wa servisi.